Speisa Nilizozikuta Nyuma ya Rimu

Kabla hujamkabidhi mtu pesa zake za gari, vua tairi moja. Usitosheke na kulipiga teke wala kuinama ukachungulia chini. Tia jeki, fungua nati, toa rimu, utazame kilichojificha nyuma yake. Ni kazi ya muda mfupi, na muuzaji mkweli hatakasirika. Nasema hivi kwa sababu RAV4 yangu, ile ya zamani ya milango mitano, niliinunua Unguja, nikaipakia meli hadi Mkoani, nikaiendesha Pemba miezi kadhaa, na muda wote huo ilikuwa na kitu kwenye magurudumu ambacho kiwanda hakikukiweka: speisa.

Iliposhuka bandarini vijana waliisifu. Ilisimama kwa upana, matairi yametokeza nje ya madigadi kadiri ya unene wa kidole, rimu zinang'aa. "Shehe, hii imekaa," mmoja akaniambia. Na kweli ilikaa. Barabara zetu ni kona na vilima, na gari hii haikuwa ikilala kwenye kona kama Escudo niliyokuwa nayo kabla yake. Sitafanya unafiki nikasema sikuipenda. Uzuri huo ndio unaowavuta watu, na mtu anayekwambia speisa hazina faida yoyote hajawahi kuendesha gari yenye speisa.

Kwa asiyezijua: speisa ni kipande cha duara, aghalabu cha aluminiamu, kinachokaa kati ya habu (kitovu ambacho rimu inafungiwa) na rimu ili tairi lisogee nje. Ziko za aina mbili. Moja ni sahani yenye matundu tu. Stadi za gari, zile bolti za habu zinazoshika nati, zinapita ndani yake na nati zinakamata upande wa pili. Nyengine, ambayo ndiyo niliyoikuta kwangu, inafungwa kwenye habu kwa nati zake, halafu ina stadi zake yenyewe za kufungia rimu. Unene wa zangu ulikuwa milimita 30 kila tairi, maana yake ekseli moja imepanuka milimita 60.

Kilichoanza kunisumbua ni usukani. Tairi la mbele likiingia shimo, usukani unaruka mkononi kuelekea upande uleule. Nikishika breki tairi za kushoto ziko kwenye mchanga wa pembeni na za kulia kwenye lami, gari inavutika kulia kwa nguvu. Nikadhani ni breki. Zikasafishwa, hakuna kilichobadilika.

Halafu ikaja safari ya Konde kwa wakwe. Kurudi, kama mjuavyo, harudi mtu mikono mitupu: nyuma watu watatu, buti limejaa ndizi, muhogo na madumu. Kila tukiingia bonde nasikia kitu kinakwaruza, na ikaja harufu ya mpira. Nilipofika nyumbani nikapitisha mkono kwenye matairi ya nyuma: bega la nje limechongwa mstari mzima kuzunguka. Ukingo wa madigadi ulikuwa unalikata kila gari inapobonyea. Gari ikiwa tupu hugundui, na aliyeniuzia nina hakika aliijaribu ikiwa tupu.

Mvumo ulikuja mwisho. Ukifika kilomita 50 kwa saa unaanza, kama tairi lenye meno makubwa, na kila wiki unapanda. Fundi niliyempelekea hapa Chake ni mtu mzima, mie namwita ami, na hakuinuka hata kwenye kiti chake.

"Ukikata kona ya kushoto, kelele inazidi au inapungua?"

"Inazidi, ami."

"Basi beringi ya kulia. Ukikata kushoto mzigo wote unalalia kulia. Lete jeki."

Rimu ilipotoka alinyamaza kidogo, akaniita nitazame. Mbele yetu kuna kipande cha rangi ya buluu iliyobabuka, kimeganda kwenye habu, kimezungukwa na unga mweupe. Akashika moja ya nati zinazokikamata akaizungusha kwa vidole. Kwa vidole, si kwa spana. Na ya pili yake vilevile.

Hapa pana jambo ambalo naona watu hawalitii akilini. Speisa ya kufunga ina seti mbili za nati kwa kila tairi: za nje, ambazo unaziona na unaweza kuzikaza kila ukipenda, na za ndani, ambazo huzioni wala huzigusi mpaka uvue rimu. Mimi nati za nje nilikuwa nazikaza kila kabla ya safari, na nilijihisi mwangalifu. Zile zilizokuwa zinalegea ni za ndani.

Ami alizitazama zile nati akajua sababu. Matundu ya speisa yalikuwa na mdomo wa koni, yanataka nati yenye ncha ya koni ili ikae na kujikamata. Aliyezifunga alitumia nati za washa bapa, zile ambazo baadhi ya rimu za asili za Toyota huzitumia. Nati bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu. Unaweza kuikaza mpaka mshipa ukusimame shingoni. Baada ya muda, kwa mitikisiko, ukingo unalika na nati inapata nafasi. Tundu moja lilikuwa limeshakuwa yai.

Kuitoa kulitushinda mchana ule. Aluminiamu na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa, na ule unga wake unavimba na kukamata kila upenyo. Na chumvi sisi tunayo bure. Gari hii nilishaipitisha msitu wa Ngezi mpaka Vumawimbi zaidi ya mara moja, na kuiosha kwa maji yasiyo na chumvi baada ya pale, kwa kweli, ilikuwa si kila mara. Ami alimimina mafuta ya kulegeza kutu, akaacha yalale usiku kucha, asubuhi akaigonga kwa nyundo ya mbao kwa kuzunguka. Wapo wanaotia patasi nyuma yake na kubandua. Usiruhusu: ukikwaruza uso wa habu, hakuna rimu itakayokaa sawa tena pale. Speisa tatu zilitoka. Ya nne, ya nyuma kushoto, ilitoka na stadi mbili.

Beringi, ile ringi ya gololi ambamo gurudumu linazungukia, ndiyo iliyonitia hasara kubwa, na hapa nataka niwe wa haki kwa speisa. Kwa gari hii beringi ya mbele inashindiliwa ndani ya chuma kinachobeba habu, na inahitaji presi, mashine ya kushindilia. Siku ile presi haikuwepo, ami alikuwa na msiba Wete, na gereji nyengine ikanihakikishia kuwa nyundo na bomba zinatosha. Nililipa shilingi 35,000 ya beringi ya bei nafuu na 40,000 ya kazi, nikarudishiwa speisa zangu, safari hii na nati sahihi. Mvumo ulirudi kabla ya mwezi wa Ramadhani kwisha. Beringi ya pili ilikuwa 80,000, nikalipa na nauli ya kile chuma kwenda kwenye presi na kurudi, na kazi tena. Sasa hiyo ya kwanza iliuliwa na nani, nyundo, bei nafuu au speisa? Kijiweni wote walisema speisa. Mie nilikaa na kalamu.

Rimu zangu zilikuwa na maandishi ET50 kwa nyuma. Hiyo ni kipimo cha milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapogusa habu. Namba ikiwa kubwa, tairi linaingia ndani. Rimu za asili za gari hii zina ET35. Kwa hiyo mwenye gari wa kwanza alipata rimu za gari nyengine, zikaingia ndani sana kiasi cha kukaribia shokapu, akatafuta speisa za kuzisukuma nje. Hizi ndizo sababu za kawaida kwetu; si kila mwenye speisa anatafuta sifa. Ila 50 kutoa 30 ni 20. Alitaka 35 akapata 20. Tairi likawa nje kuliko kiwanda kwa milimita 15, si 30 kama watu walivyonipigia kelele. Angetumia speisa ya milimita 15, tairi lingekaa palepale pa asili na beringi isingejua tofauti yoyote. Ingawa speisa nyembamba hivyo aghalabu haiwi ya kufunga, inakuwa sahani tu, na ina balaa lake nitakalolitaja.

Tairi la mbele linabeba kiasi cha kilo 400 gari ikiwa na watu. Kiwanda kimepanga uzito huo uangukie karibu na katikati ya beringi. Ukiusogeza nje kwa sentimita moja na nusu, unapata mkazo wa kupinda wa kilo-mita 6 (kilo ukizidisha kwa mita). Kona ya kawaida yenye mwendo kidogo inasukuma tairi kwa pembeni kwa kilo mia na ushei, na nguvu hiyo inapita kwenye nusu kipenyo cha tairi, sentimita 34 hivi: inakaribia kilo-mita 40. Beringi iliyopona kona zote za Mkoani mpaka Chake haiwezi kufa kwa hizo 6 ndani ya wiki chache. Tofauti ni kuwa mkazo wa kona unakuja na kuondoka. Wa speisa uko pale gari inapokwenda moja kwa moja, inapopanda, hata inaposimama. Beringi nzima itauvumilia muda mrefu, itapungua umri tu. Iliyogongwa nyundo haina huo umri wa kupunguza.

Yaangalie matengo ya ngalawa, yale mabawa yake ya pembeni. Ukiyarefusha chombo kinatulia zaidi baharini, lakini kamba zinazoyafunga ndizo zinazolipa. Gari yangu ilikuwa imetulia kwa kulipiwa na beringi, tairodi (fito zinazogeuza matairi), bolijointi (viungo vyenye kichwa cha duara) na bushi (mipira ya viungo).

Kuhusu usukani maelezo ni mepesi zaidi. Tairi linapogeuka linazunguka kwenye mstari wa kufikirika unaoshuka kutoka juu ya shokapu kupitia bolijointi mpaka ardhini. Kiwanda kinaupeleka mstari huo karibu na katikati ya tairi, ili shimo au breki zisipate pa kushikia. Ukilitoa tairi nje umempa kila shimo mkono wa kuvutia usukani. Na kila mvuto hauishii mikononi mwako, unapita kwanza kwenye tairodi. Zangu zilikuwa zimelegea zote mbili, ya kulia zaidi.

Matairi ya mbele nayo yalikuwa yameliwa upande wa ndani, na hapo pia kila mtu alinyoosha kidole kwa speisa. Speisa yenyewe haipindui tairi. Ukiiweka kwenye gari yenye viungo vizima, alaimenti inabaki ileile, kwa sababu umelisogeza tairi bila kubadilisha mwelekeo wake. Kilichokula matairi yangu ni tairodi zilizolegea, zikayaacha yaangalie nje gari ikiwa mwendoni, na tairi linaloangalia nje linajisugua ndani. Ami alipima kwa uzi na futi, mbele ya matairi na nyuma yake kwa urefu uleule kutoka chini, tofauti ikaonekana wazi. Ukibadilisha tairodi bila kufanya alaimenti umetupa pesa za matairi. Na ukifanya alaimenti bila kubadilisha tairodi umetupa pesa za alaimenti. Mimi zilinigharimu 90,000 kwa jozi, na matairi mawili ya mtumba 140,000, maana yale yalishafika waya.

Basi nikipiga jicho kwenye gharama zote, nimefika kwenye msimamo huu, na najua wapo watakaonipinga: speisa si sumu. Inaharakisha udhaifu ulioukuta. Kwenye gari changa, barabara kavu, fundi mwenye spana ya kipimo, itakaa miaka. Kwenye gari iliyokuja hapa na umri wake, bushi zimechoka, hewa ya bahari usiku na mchana, nati za kuokoteza, inageuka kitu chengine kabisa.

Kwa anayeng'ang'ania kuzitumia, na najua mpo, pimeni kwanza tundu la katikati. Habu ya RAV4 hii ina kipenyo cha milimita 60.1, na Toyota nyingi za aina yake ni hivyohivyo. Speisa zangu zilikuwa na tundu la 67. Ilikuwa haikai kwenye habu, inaning'inia kwenye nati, na ndiyo maana kuanzia kilomita 80 gari ilikuwa inatetemeka hata baada ya kubalansi matairi. Speisa nzuri inaingia kwenye habu kwa kubana, na yenyewe ina mdomo mbele wa kuipokea rimu.

Mwenye Suzuki ajihadhari na hesi, yale meno ya stadi na nati. Stadi za Toyota zina unene wa milimita 12 na hesi ya 1.5, yaani jino hadi jino ni milimita 1.5; za Suzuki ni 12 kwa 1.25. Kwa macho hutofautishi. Nati ya moja itaingia kwenye nyengine mizunguko miwili hivi kisha inakaza, na fundi mwenye haraka akiisukuma kwa bomba refu anadhani ameifunga barabara. Amekata meno tu. Nati yoyote ianze kwa vidole na iende kwa vidole mpaka karibu na mwisho.

Na zile za sahani tu, za bei rahisi, zinakula urefu wa stadi. Baada ya kuziweka hesabu mizunguko ya nati: kwa stadi ya 12 kwa 1.5 isipungue minane, maana hapo nati imekamata milimita 12 za hesi. Ikipungua, usiendeshe, na usiweke moja juu ya nyengine hata kama umeona mtu kafanya.

Kukaza kwa kukisia ndiko kulikowamaliza wengi. Nati za gari hii zinataka nyutoni-mita 103, kipimo cha nguvu ya kukaza. Spana yenye kipimo si kila gereji inayo, lakini ami alinionesha njia ambayo sikuwahi kuiona: alichukua mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, akaitia ndoana kwenye mwisho wa spana ya urefu wa nusu mita, akavuta kwa pembe mraba mpaka mizani ikasoma kilo 21. Hesabu inakubali. Kaza kwa mtindo wa nyota, si kwa kufuata mzunguko, na tairi likiwa hewani kwanza, kisha malizia likigusa chini. Za ndani za speisa kaza kwa kumfanya mtu akushikilie breki. Ukishakwenda baina ya kilomita 50 na 100, vua rimu zote nne, rudia za ndani. Hii ya kurudia ndiyo kazi ambayo watu hawaifanyi, kwa sababu inachosha. Uso wa habu usugue kwa brashi ya waya mpaka ung'ae, upake grisi nyembamba sana usoni ili chumvi isiigandishe, ila usiipake kwenye hesi za stadi, zitakazika kupita kiasi.

Mie sikung'ang'ania. Nilitafuta rimu za asili. Kwa simu, na dalali wa Darajani, na jambo moja tu nililolishikilia lilikuwa picha ya nyuma ya rimu. Alinitumia picha za mbele, nzuri, za jua. Nikamwambia, "Kaka, mimi sinunui uso." Akaleta nyuma mwishowe: ET35, matundu matano kwenye duara la milimita 114.3, tundu la katikati 60.1. Shilingi 420,000 kwa nne, na nauli ya boti juu. Nati bapa za zamani sasa zikapata kazi yake, kwa kuwa rimu hizi ndizo zinazozitaka.

Madigadi hayakwaruzi tena hata buti likijaa. Usukani umetulia, ingawa gari imerudi kulala kidogo kwenye kona, na mtoto wangu mkubwa analalamika kuwa imekuwa ya kizee. Sawa. Stadi mbili zilizokatika nyuma nilibadilisha zote tano za upande ule, 5,000 kila moja, kwa kuwa zilizobaki zilishavutwa na sikuziamini.

Rimu za ET50 alizichukua jamaa wa Machomane mwenye gari ndogo inayozitaka kwa namba hiyohiyo bila kuongeza chochote. Tulizijaribu kwake kabla hajalipa, tukageuza usukani mwisho kushoto na kulia, tukapakia watu nyuma. Aliniomba na speisa "kwa akiba". Sikumpa. Yule anayepita na mizani akinunua aluminiamu chakavu alizipima zote nne, pamoja na ile yenye tundu la yai, akanipa pesa ya sukari.